Maji ya Magome

Kifanya, 3 Julai 1954

Kwa dada Priska,

Kamwene. Hujambo, na kifua cha mama kinaendeleaje? Huku baridi inauma lakini mimi mzima, isipokuwa paja. Nilikuwa namenya magome ya miwati, ile miti ya kulainishia ngozi kiwandani, panga likateleza. Usimwambie mama.

Odilo, ninayekaa naye chumba kimoja kambini, alitaka kunipeleka dispensari. Dada, nakuambia wewe tu: nesi wa pale ni msichana wa rika lako, na jeraha liko juu mno. Nitavuaje? Odilo akacheka, "Basi jikaushe kama ngozi ya mbuzi!" Yeye alitania, ila mimi nimechemsha magome, naoshea maji yake. Linafunga vizuri. Kovu litakuwa jembamba kama uzi.

Mdogo wako,
Yoeli

Mahongole, 12 Julai

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mama hajambo, kila jioni anakuulizia, nami namwambia u mzima. Nimemuuliza dresa, yule mfunga vidonda wa pale Makambako. Kasema jeraha la panga lipone kutoka chini, nyama kwanza, ngozi mwisho. Ngozi ikitangulia, usaha unabaki ndani, unakula msuli. Acha hayo maji! Nenda kwa nesi akufungue, akusafishe. Baadaye ndipo utakunja goti polepole, msuli usije ukakakamaa. Aibu gani, wewe? Nimekuogesha mimi!

Dada yako,
Priska

Kifanya, 19 Julai

Dada mpendwa,

Natumaini mko salama. Dresa wako hajaliona kovu langu. Linang'aa kama kiatu cha mwalimu. Goti nalikunja, ila haliendi mbali. Chini ya ngozi kuna kitu cha moto, laini, nikibonyeza kinasogea.

Nilikwenda, dada. Nesi akauliza, "Kaka, unaumwa wapi?" Nikasema kichwa. Akanipa vidonge.

Odilo kahamisha mkeka wake, eti nanuka. Nzi wanatua kwenye kovu, uji wanauacha. Lakini usiogope: tangu jana haliumi kabisa.

Mdogo wako,
Yoeli

Mahongole, 24 Julai

Yoeli,

Hali sikuulizi. Nimemwambia mama. Barua hii inatangulia na dereva wa lori la mbao, sisi tunapanda la kesho.

Odilo, kama ni wewe unayeisoma, usingoje akubali. Mbebe. Mwambie nesi ni paja, si kichwa.

Dada yenu,
Priska