Papa Niliyemkana Maktabani

Papa wangu,

Leo nimerudi nyumbani hapa Kasongo na haya mpaka ugali umenishinda. Niliyemkosea ni wewe, nawe umelala Kabambare chini ya udongo, huwezi hata kunigombeza. Basi nisikilize tu.

Unakumbuka ulivyonisifu kwa majirani nilipopata kazi kwenye maktaba ya chuo? "Mutoto wangu anachunga vitabu!" Siku hizi nafundisha wafanyakazi wapya. Si kupanga vitabu, hilo mtu yeyote anaweza. Ni kukaa mezani na kupokea maswali ya wanafunzi. Mmoja anakuja anaomba "kitabu cha udongo". Ukimuuliza taratibu, kumbe anaandika juu ya wakulima wa Lusangi na wachimbaji dhahabu wanaogombania mashamba. Hayo wanayashika upesi. Kinachowashinda ni kusema "sijui". Kwetu, mgeni akikuuliza ukamjibu hujui, ni kama umemfungia mlango. Kwa hiyo wanajibu tu, liwalo na liwe.

Asubuhi Bahati, kijana mmoja kati ya hao wapya, alimpeleka binti wa watu kwenye vitabu vya ukulima. Kwa uhakika wote! Binti kahangaika huko mpaka karibu adhuhuri, na alichokitafuta kilikuwa kwenye vitabu vya sheria. Nikakasirika. Na mimi nikikasirika, unanijua, mdomo unatangulia.

Nikawaita wote. "Kule Kabambare kulikuwa na muzee mumoja..." Sikusema ni nani. Nikakuigiza. Nyumba yetu pale njiani, pikipiki zinafika zimejaa matope, wageni wanauliza kwa fulani ni wapi. Jina lenyewe hujawahi kulisikia, lakini unasimama, unavuta suruali juu, unanyoosha kidole: "Iko hapa karibu tu!" Nikaitoa na sauti yako ile ya puani. Wakacheka mpaka machozi. Nikanogewa, nikaongeza: "Muzee kama ule, musimukalishe kwenye meza yetu hata siku moja!"

Mmoja tu hakucheka. Anaitwa Sifa, wazazi wake walitoka Kivu kufuata dhahabu. Alingoja kicheko kiishe.

"Mama, ule muzee alikuwa anavaa kofia ya sufu?"

Nikaitikia kwa kichwa tu.

"Alitusaidia," akasema. "Tulishuka kwenye pikipiki na mama, tunamutafuta mujomba, hatujue mutu hata mumoja. Akasema iko hapa karibu. Halafu akaacha chakula yake, akabeba mizigo yetu, tukatembea naye nyumba kwa nyumba. Kila mulango anasema, 'Hata mimi sijue, mutusaidie.' Mpaka tukamupata."

Ee, Papa! Kumbe ndizo zile jioni chakula chako kilipolala kimefunikwa, mama ananung'unika, nami nikiamini uko kwenye pombe. Nilikuwa mtoto wa kukaa mlangoni. Kidole nilikiona, kukufuata kupita kona, sikuwahi.

Sifa akauliza mbele ya wote: "Ni nani, Mama? Iko wapi sasa? Ninataka kumushukuru."

Nikajibu: "Sijui."

Neno lile lile ninalowabembeleza kila siku walitamke kwa ukweli, mimi nikalisema kwa uongo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na tazama unafiki wangu: wakati nakucheka sikuona haya. Haya zilinishika pale ilipotakiwa ijulikane kwamba mimi ni mtoto wako.

Mchana kutwa nilimkwepa macho. Kazi ilipokwisha nikamkimbilia langoni, tayari anapatana na mwenye pikipiki.

"Sifa, nilidanganya. Ule muzee ni papa yangu. Tulimuzika mwaka jana."

Nilidhani atanitukana, na ningeyapokea. Hakunitukana. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akakulilia kwa sauti, kama mtu anavyomlilia mzazi wake. Mwenye pikipiki akazima mashine, akangoja. Na mimi, mwanao wa kumzaa, nilisimama nimeshika mkoba wa Sifa, sijui niuweke wapi. Hata kulia niliona sina haki, mbele yake.

Bahati na wenzake bado hawajui. Jumatatu, kabla hatujapokea swali hata moja, nitawaambia walimcheka nani, na aliyewachekesha ni nani kwake. Wakinidharau, shauri yao, nimejitakia. Ninachokiogopa zaidi ni kuwaambia tena waseme ukweli wasipojua. Kwa mdomo upi, Papa? Huu huu?

Ulinilea vizuri kuliko nilivyokulipa, na leo nimejua sikukufahamu hata nusu. Nisamehe huko uliko. Nakuaga hapa, machozi yameanza kuharibu karatasi.

Lakini ujue hili. Alipotulia, Sifa aliniomba jina lako, apate kulitaja kwenye sala zake. Watu walikuwa wanapita, wanafunzi, hata mkuu wangu wa kazi. Nimelitaja lote, Papa, la kwako na la babu, kwa sauti ya kusikika.

Ni mimi, mutoto wako