Kuku wa Mapokezi

Shoga, uko? Soma yote kwanza ndiyo ucheke, ingawa mimi sioni cha kuchekesha.

Unamjua bosi wetu mpya, yule mama Mfaransa. Kila asubuhi akipita mapokezi ananipungia mkono: "Kuku!" Wiki mbili naitwa kuku, nameza tu.

Jana nikamuuliza Bwana Najua, karani wa stoo, anayejidai Kifaransa kakizaa yeye. Akasema, "Ni kuku huyohuyo, anakudharau. Mjibu 'ta gel', yaani 'nawe pia'."

Nikafanya mazoezi mbele ya kioo. Mbele ya kioo, shoga!

Leo wageni sita wamekaa pale. "Kuku!" Nami na tabasamu langu: "Ta gel, madame!"

Mama wa watu akawa mwekundu hadi masikioni. Mgeni mmoja akaninong'oneza maana yake: funga bakuli lako.

FUNGA BAKULI LAKO! Nimemwambia bosi!

Na lile jitu la stoo liko mlangoni linacheka, mdomo wazi, mkate uliotafunwa unaonekana wote. Kinyaa! Mpaka sasa chakula hakipiti.

Nikamfuata bosi ofisini kuomba radhi, nikamweleza habari ya kuku. Hakucheka. Kumbe ile "kuku" yake ni "coucou", salamu ya mtu uliyemzoea, unayempenda. Wengine wote huwapa "bonjour" tu.

Na ni kweli. Hata lile jitu hupewa "bonjour".

Sasa hivi ametoka kwenda nyumbani. Kapita mbele yangu, mkono mfukoni, kanipa ile "bonjour" ya jioni:

"Bonsoir, madame."