Maumivu Niliyoyaita Kidogo

Mjukuu wangu Nekesa,

Babu yako anakusalimu. Kifua chake kimetulia, na mtama tumeshauanika. Umeniuliza kama ukubali sindano ya kupunguza uchungu siku yako ya kujifungua itakapofika. Nimelifikiria swali lako kwa wasiwasi, maana kinachonisumbua si sindano yenyewe.

Miaka ya sabini, nilipokuwa nikimzaa mama yako, nililazwa katika hospitali moja huku Busia. Mama mkwe wangu alikuwa amenionya kwamba wanawake wa ukoo wao hawapigi kelele wakijifungua. Kwa hiyo muuguzi aliponiuliza kama naumwa sana, nilimjibu, "Kidogo tu, sista." Akanipita, akaenda kumdunga sindano mama mmoja wa Malaba aliyekuwa akilia kitanda cha pili.

Mama huyo aliniona nikiuma shuka. "Wewe dada, unaonea nani haya? Mtoto atatoka hapa na hakuna mtu!" Kisha akapaza sauti, "Sista! Huyu wa kunyamaza ndiye anakufa!"

Muuguzi alirudi, akanipima, na uso wake ukabadilika. Wakati wa sindano ulikuwa umepita; kichwa kilikuwa kimefika, na kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Alikiondoa kwa mikono iliyotulia.

Sindano uikubali au uikatae, hilo mtaliamua wewe na daktari wako. Ninachokihofia ni ukimya, kwa sababu wewe ulilelewa na mama yako, naye nilimlea mimi.

Nyanya yako anayekuwaza