Hodi Kwenye Banda la Trekta

Mjukuu wangu Salma,

Salamu kutoka hapa nyumbani Mawaleh. Sote wazima, magoti tu nnayalalamikia. Waniuliza trekta kongwe la wakwe zako litawashwaje kwenye baridi hiyo ya huko ulikoolewa.

Nilipokuwa nasomea ufundi Ujarumani, tukiweka makaa ya moto chini ya injini mpaka oili ilainike, ndipo tukazungusha hendeli. Asubuhi moja nilipiga hodi kwenye banda la trekta, kwenye shamba nilikofanya kazi, kwa mazoea ya kwetu. Nikaingia. Theluji mlangoni haikuwa na nyayo, lakini injini niliikuta ya moto.

Nilipomweleza, mjane mwenye shamba hakushtuka. "Mume wangu huyo," akasema. "Toka afe, wewe ndiye wa kwanza kumpigia hodi."

Basi nawe piga hodi, kisha iguse injini. Ikiwa ya baridi, tia makaa. Ikiwa ya moto, sema ahsante, uwashe.

Babu yako