Mibuni Iliyofungwa Kamba za Mgomba

Jumanne. Ukungu umekaa mlimani tangu asubuhi, na hasira imenikaa mimi. Hata moto sijawasha.

Jana nilirudi kutoka Mbamba Bay, kule ziwani, nilikokwenda kubadilisha maharage kwa dagaa. Miguu iliwaka kwa kupanda ule mlima, lakini sikuingia ndani. Nilipitia kwanza kwenye mibuni yangu. Nasema yangu kwa sababu mume wangu alipokwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga aliniachia miche tu. Mashimo nilichimba mwenyewe. Aliniambia kahawa ikizaa vizuri, harudi tena kwenye mkonge.

Niliipanda kama nilivyozoea. Sisi Wamatengo tunalima ngolo, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta, na matuta yanapokutana udongo hunona. Basi kila yalipokutana nikaweka mche, kama mtu anayepanda maharage. Mwaka huu mibuni ikaanza kubanana. Matawi ya chini yakakosa jua yakakauka, na kahawa ikabaki juu kileleni nisikofika.

Bwana shamba alipopita alicheka. "Mama, hapa hata kuku hapiti!" Akanielekeza nipunguze, mmoja ung'oke mmoja ubaki, niache yenye mashina manene. Iliyobaki niikate vichwa ili matawi yasambae, yasizidi mkono wangu ukinyooshwa. Sikubisha, maana ukweli nilikuwa nauona.

Nikafunga kamba za mgomba kwenye ile dhaifu, ya kung'olewa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, akasema hiyo ni kazi ya wanaume, ataifanya nikiwa ziwani. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikamwambia, "Utakayong'oa, shemeji, chukua ukapande kwako." Mibuni bado haijazeeka, ikikatwa vichwa na kutolewa na udongo wake hushika.

Kamba zangu zote zipo.

Ameng'oa ile isiyo na kamba. Yenye mashina manene ameihamishia kwake ng'ambo ya kijito, na mimi ameniachia vijiti. Alama zangu zilimsaidia sana, hakupata hata shida ya kuchagua.

Nilikwenda kwake jana hiyo hiyo. Hakuona haya. "Shemeji, si ulisema nitakayong'oa nichukue?" Akaongeza kwamba mti ulioota kwenye mlima wa ukoo ni wa ukoo. Mkewe alikuwa akipepeta mahindi, hakuinua uso. Nami nikasema asante.

Asante!

Tangu jana najiuliza ulimi wangu ulikuwa wapi. Mume wangu akirudi akavikuta vile vijiti, atakaa mwezi mmoja, kisha atafunga mzigo wake aende tena Tanga. Nami nitabaki na kitanda cha peke yangu. Hicho ndicho alichoninyang'anya shemeji, si miti.

Kesho ni zamu yangu kupeleka chakula sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kukata mashauri. Mwanamke haketi sengu wala hatoi neno. Huweka chungu, husalimu, huondoka. Lakini kusalimu hakukatazwi.

Nitawapikia dagaa hawa hawa. Nitapiga magoti, nitamwamkia kila mzee. Nikifika kwa shemeji nitasema, "Shikamoo, shemeji. Watoto hawajambo? Nyumbani kwema? Na ile mibuni yangu, imeshika?"

Halafu nitabaki pale pale, magotini, mpaka aitikie.