Kwa Dada Minza, Kuhusu Mihogo Niliyoileta

Dada yangu Minza,

Shikamoo. Najua hukufundishwa kusoma, kwa hiyo yeyote anayekusomea maneno haya namwomba asome polepole, na ukichoka umwambie anyamaze. Nimempa mhariri wa gazeti barua hii kwa sababu sina tena mahali pa kuituma.

Wewe ndiye uliyenilea. Mayu, mama yetu, alipofariki nilikuwa bado nanyonya, nawe ulikuwa msichana wa kuchunga ndama. Ulinibeba mgongoni hadi shambani, ukanitafunia michembe, vile viazi vikavu vyetu, na kunilisha kwa kidole. Siku niliyokwenda chuo cha ualimu ulinisindikiza mpaka barabara ya Ibadakuli. Ukaniambia, "Nenda, ilumbu wangu, ndugu yangu. Ukirudi, urudi na kitu kichwani." Tulicheka sana, maana wakati huo nilikuwa nimejitwika sanduku.

Mwaka wa njaa ulinikuta nikiwa karibu kumaliza masomo. Mvua zilikuwa zimegoma misimu miwili. Mkuu wa chuo alitukusanya akatuambia kwamba elimu isiyomwona mwenye njaa haina faida, nasi tulimwamini. Kila Ijumaa tuliacha chakula cha mchana ili kipelekwe vijijini. Bondeni, nyuma ya mabweni, tulikuwa na shamba la mihogo tuliyoipanda wenyewe, ile michungu inayostahimili ukame na ambayo hata panya hawaitaki. Likizo ilipofika tukaichimba, na kila mwanafunzi akapewa magunia ya kupeleka kwao na kazi ya kuwafundisha watu namna ya kuitayarisha. Nilipopangiwa kijiji chetu niliimba njia nzima juu ya lori.

Unakumbuka asubuhi ile kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji? Kina mama wote walikuja na vikapu. Nilisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nimevaa shati jeupe la chuo, nikaeleza kwamba mihogo hii ina sumu. Imenyeni, nikasema, ilowekeni siku tatu, ianikeni mpaka ikauke, ndipo muitwange. Watu wetu walizoea mtama na uwele. Mihogo ya namna ile hawakuijua. Waliitikia kwa pamoja kama watoto wa darasa la kwanza.

Wewe ulikuwa nyuma, mwanao Kabula akiwa mgongoni. Alikuwa ametimiza miaka mitatu lakini bado ulimbeba, kwa kuwa miguu yake haikuwa na nguvu tena. Ukanyoosha mkono.

"Siku tatu, Mwalimu," ulisema. "Na leo?"

Uliniita Mwalimu mbele za watu, wewe uliyenifuta kamasi. Nikajibu, "Vumilieni." Hilo ndilo jibu langu lote, dada. Miaka yangu yote ya chuo ilinipa neno hilo moja.

Sasa nikwambie usichokijua. Nilifikia kwa mwanangwa, na kila siku pale nilikula ugali wa mtama na maziwa ya mgando. Siku ile, na kesho yake, nilikula nikashiba. Nilifikiri kumwomba mwenyeji wangu bakuli moja nikuletee wewe na Kabula. Nikaona aibu. Niliogopa watasema mwalimu amekuja kulisha ndugu zake. Kutoka pale hadi kwako ni mwendo wa kuita mtu akaitika.

Siku ya pili, jua likiwa la utosi, niliposikia kelele nilikuwa nyumba ya jirani nikikagua vyungu vya kulowekea. Nilikukuta umekaa mlangoni, Kabula mapajani. Alikuwa ametapika, macho yamegeuka, na pumzi zinakuja moja moja. Sufuria ya mihogo ilikuwa bado ya moto. Wewe hukuwa umeonja. Ulitaka mtoto ashibe kwanza.

"Nilichemsha mara mbili," uliniambia. "Nikamwaga maji, nikachemsha tena."

Nilimnywesha maziwa niliyoyakimbilia kwa mwanangwa, yakatoka. Nikambeba kukimbilia zahanati, nawe ukanifuata peku. Hatukufika hata nusu ya njia. Ulimchukua mikononi mwangu, ukageuka, ukatangulia kurudi nyumbani.

Nilingoja unitukane. Nilingoja msibani, nikangoja baada ya matanga. Shemeji alikuwa ameshakwenda Geita kutafuta kazi mgodini, na habari zake zilikuwa zimekatika. Ukafunga mizigo yako umfuate. Nilikuomba unisubiri nimalize chuo tuishi pamoja. Ukasema, "Baki na kazi yako." Sijawahi kukusikia ukisema kwa upole namna ile.

Niliporudi chuoni kila mmoja alitakiwa kusoma taarifa yake mbele ya wote. Nilisoma kwamba kijiji kilipokea mihogo kwa furaha na watu walijifunza vizuri. Kabula sikumtaja. Walinipigia makofi, Minza, nami niliinama kushukuru.

Sasa mimi ni mwalimu kweli. Mwaka huu mvua zimegoma tena, na mwezi uliopita vijana wa chuo walikuja shuleni kwangu wakiimba, na magunia. Niliwasihi walete pia unga, hata kidogo, watu wapate cha kula wakati wa kungoja. Walinisikiliza kwa heshima. Mmoja akasema unga haupo, mihogo ndiyo iliyopo, akaanza kuwaeleza kina mama habari ya siku tatu. Nikaingia darasani nikafunga mlango. Nilipaswa kubaki pale nje. Sikuweza.

Wiki hiyohiyo nikapanda lori kwenda Geita. Niliuliza kambi baada ya kambi, mpaka mama mmoja auzaye togwa akaniambia anakufahamu: mlikuwa majirani, shemeji alifariki kwa kifua, nawe uliondoka tangu masika, hakuna ajuaye ulikoelekea. Nikamuuliza kama uliacha jina la ndugu wa kupelekewa habari.

"Minza?" akasema. "Yule alituambia hana ndugu. Wewe ni nani wake?"

Nilimwambia mimi ni mpita njia. Nikanunua kata ya togwa, nikaishika mpaka akaniomba chombo chake.

Sikuombi urudi, wala sikuombi unisamehe. Kama u hai, na uko mahali penye chakula, inatosha.

Kwaheri, dada.

Ni mimi, mtoto uliyembeba mgongoni.