Olinda wa Ukurasa wa Mwisho

Chuno, Mtwara

Kaka Leonel,

Hujambo huko Dar? Sisi tupo. Mikorosho ya Mpapura imechanua vizuri, na mama bado anamaliza samaki akituachia mchuzi.

Michoro yako ya katuni yetu imefika. Tangu tuwape wahusika majina yetu, hujawahi kubadilisha hata kituo katika maandishi yangu. Safari hii niliandika wazi kabisa: Olinda anazama pale Ruvuma inapoingia baharini, hadithi imekwisha. Leonel sikumweka kwenye ukurasa huo. Nafungua bahasha, namkuta Leonel yumo majini mpaka shingoni, kamshika Olinda mkono, na Olinda anapumua!

Nilikaa chini, kaka. Nani alikuambia?

Maana sijamwambia mtu, hata mama. Nina uvimbe kwenye titi. Daktari alitaka kunifanyia upasuaji mwezi uliopita, nikakataa, nikarudi nyumbani kuandika ukurasa ule.

Mchoro nimeubandika ukutani, sichoki kuutazama. Leo asubuhi nimekwenda kusaini fomu. Upasuaji ni Jumatatu. Njoo unishike kama ulivyonichora.

Mdogo wako anayepumua,
Olinda